Majina ya Wale Ambao Bahari Haikuwarudisha

Mazungumzo ya juma hili yatatutoa kidogo katika mashamba yetu ya mahindi. Tunataka kuongea juu ya watu waliozama baharini wasionekane tena, na jinsi Kanisa lilivyowakumbuka.

Yamkini mtu atauliza, bahari yatuhusu nini sisi? Maji makubwa tuyajuayo ni mto Nzoia wakati wa mvua, na kutoka hapa hadi Mombasa ni safari ya mchana na usiku. Tunaomba mvumilie kidogo. Kati ya waliopotea katika Bahari ya Hindi wamo mamia ya vijana wa Afrika Mashariki, waliozama alasiri moja tu ya mwaka 1944, na majina yao yamechorwa mahali ambapo Wakenya wengi hupita bila kugeuka kutazama.

Kwanza tufikiri juu ya kaburi. Kwetu kaburi ni jambo kubwa. Mtu akifia Nairobi, jamaa huchanga, gari hukodiwa, na maiti husafirishwa usiku kucha ili azikwe katika udongo wa nyumbani. Sisi tulio katika mashamba ya settlement, ambayo wazee wetu walipata miaka ya 1960 wakati walowezi walipokuwa wakiondoka, twajua pia ya kwamba kaburi la kwanza shambani ndilo lililoligeuza shamba kuwa nyumbani. Kabla ya hapo tulikuwa watu wenye ploti na deni la serikali. Na mzee wa Kibukusu akiisha kuzikwa, watu hukusanyika kwa kumuse, na msemaji husimama kuwaeleza ukoo ulikotoka, awafariji waliobaki na kuwaonya vijana.

Sasa yuko mtu aliyekufa na maiti yake haipo. Jamaa watasimama wapi? Msemaji atanyosha mkono kuelekea wapi? Katika baadhi ya jamii za Magharibi, mtu aliyepotea kabisa huzikiwa shina la mgomba mahali pake. Ndugu zetu Wajaluo, ambao ziwa limewachukua wengi, huzika tunda refu la mti uitwao yago. Baadhi ya wachungaji wamelikataza jambo hilo, na wengine wamelinyamazia. Leo hatukai kulihukumu. Tunasema tu ya kwamba wazee walielewa kitu cha kweli: asiye na kaburi huwaacha wenzake njiani. Mke hajui kama ni mjane. Mama huacha mlango bila komeo. Hata sheria ya Kenya inalijua tatizo hilo, maana husema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetazamiwa kupata habari zake, basi hudhaniwa amekufa. Miaka saba ni mingi sana kwa mtu anayesikiliza hatua nje ya nyumba kila usiku.

Na bahari ni mahali pabaya pa kutafutia maiti. Bahari ya Hindi, kwa wastani, ina kina cha zaidi ya mita 3,500. Mlima Elgon una mita 4,321. Kama ungeuzamisha mlima wetu wote katika bahari hiyo mahali penye kina cha kawaida, kilele tu ndicho kingebaki juu ya maji kama kisiwa. Meli ikizama hapo haipandishwi tena, na waliomo hawaletwi pwani na mawimbi. Hata baharia aliyefia kitandani mwake katika safari ndefu za zamani alishonwa ndani ya turubai, akafungiwa kitu kizito miguuni, sala ikasomwa, akateremshwa majini. Nahodha aliandika katika daftari mahali meli ilipokuwa, na hilo andiko ndilo lilikuwa kaburi.

Kwa sababu hiyo watu wa pwani za dunia walianza zamani kuleta majina ya waliozama ndani ya makanisa yao. Katika mji wa New Bedford huko Marekani, ambako vijana wengi waliondoka kwenda kuwinda nyangumi, liko kanisa la mabaharia lililofunguliwa mwaka 1832. Kutani mwake yamebandikwa mabamba ya mawe yenye majina ya waliopotea: huyu alivutwa na nyangumi, yule alianguka kutoka mlingotini. Hakuna maiti nyuma ya bamba lolote. Mwandishi Herman Melville alilijua kanisa hilo akaliweka katika kitabu chake cha mwaka 1851, na tangu hapo wageni huja kulitazama, lakini wavuvi wa mji huo wameendelea kuongeza mabamba ya watu wao hata katika nyakati zetu. Huko Denmark, meli ndogo za kuchonga huning'inizwa kutoka darini mwa kanisa, na mwenye kusali huziona juu ya kichwa chake kila Jumapili. Na huko Ufaransa, katika kijiji cha Ploubazlanec ambacho wanaume wake walikwenda kuvua samaki karibu na Iceland, uko ukuta wa makaburini wenye majina ya waliopotea, na mara nyingi chombo kizima kimeandikwa pamoja, baba na wana wa mtaa mmoja.

Wengi wetu hatutoki katika makanisa yenye mapambo. Marafiki, ambao ni wengi sana katika nchi hii tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902, husali katika nyumba isiyo na picha wala madirisha ya rangi, na wana sababu zao njema. Tunawataja kwa heshima, maana swali lao ni la haki: je, si hatari kupamba kuta kwa ajili ya wafu? Tutalirudia swali hilo. Lakini kwanza twende Unguja, maana huko ndiko iliko kumbukumbu ya mabaharia iliyo mashuhuri kuliko zote katika pwani yetu, na ndiko tunakoona vizuri uzuri wa jambo hili na upungufu wake pia.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko lile. Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, na alipokufa mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Msalaba mmoja humo umechongwa kwa mti wa kule Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Na katika vioo vya rangi vya madirisha ya kanisa hilo kuna kumbukumbu ya mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuwazuia wafanyabiashara ya watumwa baharini.

Doria hizo zilikuwa kazi ngumu. Toka 1874 hadi 1883 meli kubwa ya zamani iitwayo London ilitia nanga bandarini Unguja kama ghala na makao, na mashua zake zilitumwa Pemba na kwenye vijito vya pwani kukaa siku nyingi katika jua na mvua, zikivizia majahazi. Homa iliua watu. Mapigano nayo yaliua. Mnamo Desemba 1881 nahodha wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipoikaribia jahazi moja iliyokuwa imebeba watumwa. Waliookolewa katika majahazi, wengi wao watoto, hawakuweza kurudishwa kwao, maana wengine hawakujua tena kwao ni wapi. Baadhi walipelekwa Freretown karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa mwaka 1875, na kutoka kwao na wenzao wa Rabai walitoka walimu na wachungaji wa kwanza wa Kanisa la Kianglikana katika nchi yetu. Basi msikilizaji aliyebatizwa na mchungaji aliyebatizwa na mchungaji wa Freretown ana deni dogo kwa mashua zile. Tunalikiri bila haya.

Lakini angalia ni nani hayumo katika vioo vile. Meli za Kiingereza hazikuendeshwa na Waingereza peke yao. Ziliajiri Waafrika wa pwani hii, ambao Waingereza waliwaita Sidi, kwa kazi za jua kali, za makaa ya mawe na za mashua. Makarani waliona taabu kuandika majina yao ya kweli, wakawaandika kwa majina ya mzaha ya Kiingereza, kama majina ya vyombo na vitu vya melini. Mtu kama huyo alipokufa, jina lililobaki katika daftari lilikuwa kicheko cha karani. Mama yake angesomewa daftari lote asijue ya kwamba mwanawe ametajwa.

Tena wako watumwa wenyewe. Nahodha wa jahazi alipoona mashua ya doria inamfikia, mara nyingine aliielekeza jahazi kwenye mawimbi ya ufukweni iivunjike, yeye na watu wake wakimbilie nchi kavu, na waliofungwa chini wakazama. Hao hawakuwa mabaharia, walipelekwa baharini kwa nguvu. Hata hivyo bahari iliwachukua hao kama ilivyowachukua wenye sare, wala hakuna aliyeandika hata jina moja. Sanamu ya watumwa waliofungwa minyororo, inayosimama ndani ya shimo katika uwanja wa kanisa hilo, iliwekwa mwaka 1998. Hesabu wewe mwenyewe ni miaka mingapi tangu 1873. Hatusemi hivyo ili kuwadharau mabaharia wa doria. Tunasema kumbukumbu ya kanisa hutuonyesha pia ni nani aliyekuwa na kalamu siku ile.

Sasa tuje kwa vijana wetu wa 1944.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, ikijiandaa kupigana na Wajapani huko Burma. Wazee wetu wengi wa Magharibi walikwenda Burma, na walioishi walirudi na hadithi zake, na koti la jeshi ambalo lilivaliwa shambani hata likaisha. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa imebeba watu 1,511, na sehemu kubwa ya abiria walikuwa askari wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Pamoja nao walikuwamo wanamaji, na wanawake wengi, wauguzi na watumishi wa jeshi la maji. Kijana wa bara aliyezoea milima ya Elgon na Cherangani huiona bahari kwa mara ya kwanza Mombasa. Baada ya siku moja ya safari huwa haoni kitu kingine.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, baada ya chakula cha mchana, watu wengi walikuwa wamekaa ndani wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 ilipiga torpido mbili zikaipata meli hiyo. Ilizama katika muda usiofika dakika tatu. Fikiri wimbo mmoja wa kwaya yetu, beti zote, huchukua muda gani. Waliokuwa chini hawakupata hata nafasi ya kufika ngazini.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo ni vigumu kuisema redioni, lakini tukiiacha tutakuwa tumeificha. Nyambizi ile ilijificha chini ya maji mahali pale pale ambapo waliookoka walikuwa wakielea. Meli nyingine nne za msafara zilikuwa zimejaa maelfu ya watu, na manowari za ulinzi zilikuwa mbili tu za mwendo wa kasi, Petard na Paladin, pamoja na meli kubwa ya vita Hawkins. Wakubwa wa manowari waliamua kuangusha mabomu yapasukayo chini ya maji, huku watu wao wenyewe wakiwa majini hapo. Nyambizi ilitoka juu, ikapigwa hata ikazama. Kati ya wale 1,511, walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Je, uamuzi ule ulikuwa wa haki? Watu wa bahari wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Sisi hatuna uwezo wa kuketi katika kiti hicho. Tunajua tu ya kwamba bamba la kumbukumbu haliandiki mambo ya namna hiyo. Huandika jina, cheo na tarehe, na mengine yote humwachia Mungu. Labda hiyo ndiyo busara yake.

Majina ya askari wale yako wapi? Yako Nairobi, kando ya barabara ya Ngong, katika Makaburi ya Vita. Mlangoni pa makaburi hayo umejengwa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana: waliopotea katika mapigano ya Ethiopia na Somalia, waliokufa Madagascar mwaka 1942, na karibu 500 wa Kikosi cha 301 waliokwenda chini na Khedive Ismail. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917, ina kanuni moja ambayo hata Kanisa lingeweza kuisifu: kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, na mkubwa asitofautishwe na mdogo. Afisa na askari hupata jiwe la kipimo kile kile.

Kanuni nzuri, ndiyo. Lakini waulize wajukuu wa Kariakoo. Katika Vita vya Kwanza wapagazi na askari wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika nchi hizi, na kwa sehemu kubwa kanuni hiyo haikutumika kwao. Walijengewa sanamu za askari na mpagazi Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1920, na sanamu hizo hazina jina hata moja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ikikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya majina yale ya 1944 asidhani ni kitu kidogo. Babu zao wa 1917 hawakupata hata hicho.

Afrika Kusini walikuwa na msiba wa namna hiyo mwaka 1917. Meli Mendi, iliyobeba wafanyakazi Waafrika waliokuwa wakienda kusaidia vita Ufaransa, iligongwa na meli nyingine katika ukungu karibu na Uingereza tarehe 21 Februari, na zaidi ya 600 walikufa. Wenyeji wa huko husimulia habari za mchungaji Isaac Wauchope Dyobha, aliyewatia moyo wenzake wakati meli ikizama. Majina yao yako ukutani katika makaburi ya Hollybrook, Southampton, na kengele ya meli ilirudishwa Afrika Kusini mwaka 2018. Wao wameishika siku ile, shule na makanisa huitaja, wala hakuna mtoto anayeambiwa ni habari ya Wazungu. Sisi tarehe 12 Februari hupita kama siku nyingine yoyote. Kwa maoni yetu hilo si sawa, na tunalisema waziwazi.

Sasa turudi kwa swali la ndugu zetu wasiopenda mapambo. Sisi Waprotestanti hatuwaombei wafu, wala hatuwaombi wafu watuombee. Basi tunaandika majina yao kwa faida ya nani? Neno la Mungu lina mfano. Katika Yoshua sura ya 4, Israeli walitoa mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, wakayasimamisha ng'ambo, ili watoto wao watakapouliza maana yake, baba zao wawe na neno la kuwajibu. Mawe yale hayakuabudiwa. Kazi yake ilikuwa kumfanya mtoto aulize. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 27, merikebu ya Paulo ilipokuwa ikivunjika, Luka hakuridhika kusema walikuwa wengi. Alihesabu: watu 276. Akatuambia wote walifika nchi kavu salama. Kama Luka aliona inafaa kuhesabu kila nafsi katika merikebu iliyookolewa, sioni kwa nini tuone aibu kuhesabu nafsi za merikebu isiyookolewa.

Iko pia Zaburi ya 107, ambayo makanisa ya mabaharia huipenda kuliko zote, na mji wa wavuvi wa Gloucester huko Marekani uliandika maneno yake chini ya sanamu yake ya mwaka 1925. Humo mabaharia huinuliwa na wimbi na kushushwa, huyumba kama walevi, humlilia Bwana katika dhiki, naye huituliza dhoruba na kuwafikisha bandarini walikotaka. Ni zaburi ya shukrani ya waliofika. Mjane wa aliyezama huisikia kwa sikio tofauti, na mchungaji mwenye moyo hujua hivyo. Yeye humfungulia pia Ufunuo sura ya 20, mahali ambapo Yohana anaiona bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake. Angalieni ya kwamba bahari ndiyo inayotajwa kwanza. Wale ambao wanadamu wameshindwa kuwafikia wametajwa kabla ya waliozikwa vizuri shambani kwao.

Na ziwa letu nalo tusilisahau. Wavuvi wa Port Victoria, huko Nzoia unakomwaga maji yake, huzama kila mwaka na hakuna anayewaandika. Tanzania walipopoteza watu zaidi ya 800 katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, walitenga mahali Igoma, Mwanza, ambapo viongozi wa dini hukutana na jamaa kusali. Siku hizi vijana wa bara, hata wa kwetu, huenda kusoma ubaharia Mombasa na kuajiriwa katika meli za mataifa. Makanisa mengi duniani huwaombea mabaharia katika Jumapili ya pili ya Julai. Mchungaji anayetaka kuiadhimisha Ndalu haitaji dirisha la rangi. Karatasi yenye majina na sauti ya kusoma vinatosha.

Wako wasikilizaji ambao katika ukoo wao kuna babu aliyekwenda vitani akapotea, na habari ikaishia hapo. Kwao tuna maelezo haya. Orodha ya Tume inaweza kutafutwa kwa jina, na kijana yeyote mwenye simu ya kisasa ataweza kukusaidia. Tafuteni kwa jina la babu na pia la baba yake, maana makarani wa jeshi waliwaandika Waafrika wengi kama fulani mwana wa fulani. Jaribuni tahajia nyingi, kwa sababu karani aliandika alivyosikia: Wekesa aweza kuwa na s mbili, Simiyu aweza kuandikwa kwa o mwishoni, na Wafula aweza kuonekana bila herufi ya kwanza. Kama jina la kikosi ni la mizinga na tarehe ni 12 Februari 1944, basi mmempata, na aliko ni karibu na Maldives. Anayefika Nairobi aingie mlangoni pa makaburi ya barabara ya Ngong na kutafuta ukuta wa Kikosi cha Mizinga, aende na karatasi na penseli laini ili achukue nakala ya jina juu ya jiwe, airudishe nyumbani kwa mama wa boma.

Somo la juma hili ni Zaburi ya 107, aya ya 23 hadi ya 32, pamoja na Ufunuo 20, aya ya 11 hadi ya 13. Bwana awabariki.